Wino mwekundu wa Julai 1943

Jirani yangu hapa Lincoln, Uingereza, ni bibi wa miaka 78. Marehemu baba yake alikuwa rubani wa Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, na katika uhai wake wote hakumsimulia binti yake neno. Aliacha sanduku la bati, na ndani yake daftari la safari zake za angani. Macho ya bibi yamechoka, basi kila Jumamosi jioni nakwenda kumsomea.

Daftari la rubani lina maneno machache mno. Kila safari ina mstari wake: tarehe, ndege, kazi, saa zilizotumika angani. Safari za usiku ziliandikwa kwa wino mwekundu. "Ops", yaani safari ya vita, kisha jina la mji, basi. Anayetaka zaidi huomba vitabu vya kumbukumbu vya skwadroni, yaani kikundi cha ndege, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Kew, London, kwenye kundi la AIR 27. Siku hizi vingi vinasomeka hata mtandaoni. Humo mna saa ya kuruka, saa ya kutua, na majina ya wote waliokuwamo ndegeni. Ndimo bibi alimowakuta wenzake sita baba yake: fundi wa injini, mwonesha njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Alinisomesha majina hayo mara tatu.

Kimya cha mzee nakielewa. Kati ya watu wapatao 125,000 waliorukia Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, 55,573 walikufa, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu. Zamu moja ilikuwa safari 30, na kila safari iliyorudi salama ilikuwa inasogeza tu siku ya hofu. Mnara wao London ulizinduliwa mwaka 2012, wengi wa walionusurika wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Ila wanawe bibi wanamwambia aishie hapo, kwenye ushujaa, na mimi sikubaliani nao kabisa. Ukurasa wa kiangazi cha 1943 una mistari minne myekundu, yote Hamburg, mji wa Ujerumani. Usiku wa Julai 27 kuamkia 28 moto uliungana ukawa tufani, ukavuta hewa mitaani, watu wakakosa pumzi ndani ya mahandaki. Mashambulizi ya siku zile yaliua watu wapatao 37,000. Kwenye daftari, usiku ule ni saa za kuruka tu. Mtoto anayemtafuta baba yake kwa dhati anapaswa kuufuata mstari ule mpaka chini ulikoishia. Simwambii amhukumu. Namwambia asimkate baba yake nusu, akabaki na ile inayopendeza.

Nasema hivi nikiwa na uchungu wangu. Babu yangu alipelekwa Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akarudi na koti na kikohozi. Nyumbani hatuna hata karatasi moja yenye jina lake; tulichobaki nacho ni nyimbo mbili alizokuwa akiziimba akilima. Ningepewa ukurasa mmoja tu wa safari yake, hata wenye jambo la aibu, ningeupokea kwa mikono miwili. Mwenye daftari zima halafu akaruka kurasa, namwonea huruma.

Katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, waliokufa wakati ule wamezikwa pamoja katika makaburi makubwa yaliyopangwa kwa umbo la msalaba, na juu yake kuna magogo ya mwaloni yaliyochongwa majina ya mitaa yao: Hammerbrook, Hamm, Rothenburgsort. Jumamosi iliyopita bibi aliniomba nimwandikie majina hayo kwa herufi kubwa. Ameshakata tiketi ya mwezi ujao, na daftari atalibeba mkobani.