Kabla ya kuihakiki katuni, mtafute mwenyewe

Katuni hiyo iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu Jumapili jioni, kati ya tangazo la michango na picha ya sweta lililookotwa. Visanduku vitatu tu. Kwenye cha kwanza giza linaanza kuingia, mama ntilie anahesabu sarafu, mwanawe kasimama pembeni na sare za shule. Cha pili, mteja anachungulia sufuria: "Ukoko upo?" Cha tatu, mama anamgeukia mtoto, ambaye kumbe muda wote alikuwa kaficha sahani mgongoni. "Umeisha."

Niliirudia mara tano. Mara ya tano ndipo nilipoona kwamba hakuna mwenye miguu. Picha imekatwa chini, juu kidogo ya vifundo, na kwa mtu anayesoma katuni za mtandaoni kila siku hiyo ni dalili anayoijua: hapo palikuwa na saini.

Nimeandika uhakiki wa katuni hizi kwa miaka kadhaa, na kila mwaka nazidi kuamini kwamba kazi ya kwanza ya mhakiki ni kumtafuta aliyechora na kuzungumza naye. Maoni yatafuata. Bila hivyo unahukumu kipande cha kazi ukidhani ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye gazeti hukuhitaji kumsaka mtu. Msomaji wa gazeti la Kenya la Taifa Leo aliyemzoea Juha Kalulu, mhusika wa katuni, alijua ni kazi ya Edward Gitau. Masoud Kipanya, mchoraji wa Tanzania, naye ana kile kipanya chake, ambacho hukaa ndani ya mchoro pamoja na watu, kinatazama yanayotendeka. Kata ukingo unavyotaka, bado utajua katuni ni ya nani. Huwa nawaambia wachoraji vijana waliangalie hilo kwa makini: saini iliyowekwa pembeni huliwa na mkasi wa kwanza.

Na kinacholiwa si jina peke yake. Chukua xkcd, katuni ya mtandaoni ya Mmarekani Randall Munroe, inayotoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tangu 2005. Kwenye kompyuta, ukikiweka kishale juu ya mchoro hutokea sentensi nyingine iliyofichwa, na mara nyingi utamu wa katuni umo humo. Ukitumiwa ile picha peke yake kwenye simu, sentensi hiyo haiji. Umesoma nusu, na hakuna kinachokuonyesha kwamba ni nusu.

Wapo watakaosema kitu kikishaingia mtandaoni ni cha wote. Hao ningewaonyesha Pepper&Carrot, hadithi ya binti mchawi na paka wake ambayo Mfaransa David Revoy ameichora tangu 2014. Anaitoa bure. Anaweka wazi hata mafaili anayochorea, na amemruhusu yeyote kuitafsiri, kuichapisha, hata kuiuza. Wasomaji wanaopenda humchangia pesa kwa kila sehemu mpya. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya vitabu ya Ufaransa, Glénat, iliichapisha kwa ruhusa hiyohiyo iliyo wazi kwa kila mtu, na yenyewe ikajiunga na wachangiaji. Mtu huyu katoa karibu kila kitu alichonacho, lakini sharti moja amelibakiza: utaje majina ya waliohusika. Kwa hiyo hata ukarimu wa kiasi hicho haukubali kukatwa saini.

Nikaanza msako. Kutafuta kwa picha kwenye Google kulinipa kurasa za vichekesho ambazo kila moja ilikuwa imebandika nembo yake juu ya katuni ileile. Basi nikarudi nyuma mtu kwa mtu. Mzazi mwenzangu aliipata kwa shemeji yake, shemeji kwenye kundi la kikoba, na huko kuna dada aliyeikuta kwa mtu ambaye hakumbuki ni nani. Wiki mbili. Mwishowe nikaangukia akaunti ya Instagram yenye wafuasi wasiofika 300, ya kijana mmoja wa Mwanza.

Picha nzima ilikuwa pale. Mtoto amevaa kandambili za kike, kubwa, visigino vyake vinaishia katikati ya kiatu. Aliyekata jina alikata na kandambili, nami nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani uhakiki mzima wa katuni isiyo na kandambili.

Nilimwandikia usiku huohuo. Alijibu kwa sauti: "Shikamoo dada. Kwanza ahsante, maana huwa wananiandikia wakitaka niwachoree nembo." Tukaendelea kwa sauti karibu mwezi mzima. Anachora kwa kidole, kwenye simu yenye ufa, na anapandisha kazi saa nane usiku kwa sababu ndipo bando lake la usiku linapofanya kazi. Mimi nilidhani ule ni uamuzi wa kisanii.

Nilimuuliza kuhusu lile neno moja, "Umeisha." Akanisimulia kwamba mwanzoni mama alikuwa anasema, "Umeisha, hatujakubakizia, huyu mwenyewe hajala." Herufi za kidole ni nene. Neno kama "hatujakubakizia" linajaza kiputo chote, na ukilikata katikati ili lishuke mstari wa pili, msomaji anajikwaa. Alijaribu kupanua kiputo, kikamfunika mtoto. Ndipo akafuta, akafuta tena, hadi likabaki neno moja. Anayechora kwa Kiswahili anaijua shida hiyo, maneno yetu ni marefu na kiputo ni kidogo, lakini sikuwahi kusikia mtu akiieleza kwa mifano ya mkono wake mwenyewe. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye mazungumzo na mchoraji. Sina haja ya kumuuliza alianza lini kupenda kuchora. Namuuliza kisanduku hiki ulikifuta mara ngapi.

Kuna hoja dhidi yangu, na ina uzito: mhakiki akishazoeana na mchoraji, ulimi unakuwa mzito. Kwetu ambako mtu ukiongea naye mara tatu keshakuwa ndugu, hatari ni kubwa zaidi. Mimi nimejiwekea mpaka. Mchoraji haoni uhakiki wangu kabla haujatoka, na urafiki wetu hauifuti kasoro. Wakati huo kijana huyu alikuwa na mfululizo wa sehemu kumi na mbili kuhusu mama ntilie yuleyule. Tatu za kwanza ni nzuri kabisa. Kuanzia ya nne kuna babu anayekaa kwenye benchi na kutueleza funzo kila mwisho, kana kwamba hatukuona wenyewe. Niliandika hivyo, waziwazi, kwamba babu anaiua hadithi.

Alikaa kimya siku tatu. Kisha ikaja sauti fupi: "Dada, nimeisoma. Babu simtoi, huyo ndiye aliyenilea. Ila nitampunguzia maneno." Katika sehemu ya kumi na tatu babu yupo kwenye benchi lake, anamenya chungwa kwa kisu, ganda linashuka likiwa zima kupitia visanduku vinne, na hasemi kitu. Ni ukurasa bora kuliko yote aliyowahi kuchora, na nisingejua namna ya kuusoma kama nisingejua babu ni nani.

Nilimwomba ruhusa ya kuirudisha ile ya ukoko kwenye kundi la wazazi, nzima, na jina lake chini. Akakubali. Nikaituma Jumapili jioni, nikaandika tu: "Ile katuni ilikuwa imekatwa. Hii ndiyo yenyewe, na huyu ndiye aliyechora." Wawili wakaweka kidole gumba. Mzee mmoja akauliza kama sweta limepata mwenyewe. Halafu, baada ya dakika kama kumi, mama wa mtoto anayekaa dawati moja na wangu akaandika:

"Jamani. Kumbe mama yuko peku."