Darasa jipya, joto lile lile

Kuna darasa limekabidhiwa huku kwetu Tanga, na tangu nilipoingia ndani yake saa saba mchana sina raha. Rangi inang'aa, jina la mfadhili limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Dari hakuna. Bati limegongwa juu ya kenchi basi, madirisha yako upande mmoja tu. Watoto wanajipepea kwa madaftari, mwalimu anafundishia mlangoni apate hewa. Mji unaovuma kusi na kaskazi mwaka mzima, mtoto anakosaje upepo darasani?

Haya, bila darasa hilo wangeendelea kubanana. Nalikubali hilo. Lakini msaada usiwe sababu ya kumjengea mtu ovyo.

Na nisiambiwe hela hakuna. Gando, kijiji cha Burkina Faso, si matajiri kuliko sisi. Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa hapo hapo, aliwajengea shule ya msingi iliyokamilika 2001, kuta za matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo. Juu akaweka dari ya tofali yenye matundu, kisha bati akaliinua mbali na dari kwa kenchi za nondo za kuchomelea, likatokeza nje hadi kuta zikapata kivuli. Joto linapanda, linatokea kwenye matundu, upepo unalichukua. Kazi walifanya wanakijiji wenyewe. Mwaka 2022 Kéré akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Burkina Faso ni mbali? Nendeni Magoda, Muheza, mkoani humu humu. Zilijengwa nyumba sita za majaribio, kuta zinapitisha upepo, wavu wa kuzuia mbu umefungwa vizuri, nyingine za ghorofa ili watu walale juu. Utafiti wake ulichapishwa 2017: ndani kulikuwa na ubaridi kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na mbu walipungua sana. Linaloniuma ni kwamba ujuzi huu uko mlangoni kwetu, halafu ramani ya darasa inatoka ofisini, haijamuuliza hata fundi wa mtaani.

Nasikia darasa la pili linakuja. Kabla msingi haujachimbwa, waiteni walimu wa shule hiyo wawaonyeshe upepo unatokea wapi, madirisha yawekwe pande mbili, na dari iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Rangi inaweza kungoja.