Miamba ya Chokaa na Nishati: Kigoma Ina Darasa Ambalo Hatujalitumia

Tunapozungumzia nishati hapa Tanzania, mwamba unaotajwa karibu kila mara ni jiwe la mchanga, na sababu yake inaeleweka. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, zote zimehifadhiwa katika mawe ya mchanga. Hata mafuta ya Ziwa Albert kwa jirani zetu wa Uganda, ambayo bomba lake limepangwa kupita Nzega na Igunga mkoani Tabora hadi Chongoleani, Tanga, yamo katika mwamba wa aina hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba kijana anayesomea jiolojia nchini anaweza kumaliza masomo akiujua vizuri mchanga na kuyachukulia mawe ya chokaa kuwa malighafi ya saruji tu. Naandika kutoka Kigoma, na nina sababu ya kuamini kwamba hali hiyo inatugharimu.

Makadirio yanayokubalika na wengi ni kwamba zaidi ya nusu ya akiba ya mafuta duniani imo katika miamba ya kaboneti, yaani mawe ya chokaa na dolomaiti. Uwanja wa mafuta wa Ghawar, Saudi Arabia, uliogunduliwa mwaka 1948 na wenye urefu wa kilometa 280 hivi, ni chokaa. Kwa muda fulani, hata hivyo, macho ya wengi yalihamia kwenye mchanga wa bahari kuu na baadaye kwenye mwamba tope wa Marekani unaopasuliwa kwa shinikizo la maji. Kilichoirudisha chokaa kwenye kilele cha mjadala ni matukio ya miaka 20 iliyopita, na kubwa kuliko yote lilitokea Brazili.

Mwaka 2006, katika bonde la Santos, wachimbaji walipita kina cha maji cha kilometa 2 hivi, wakapita mashapo, kisha wakapita tabaka nene la chumvi, na chini yake wakakuta mafuta ya uwanja uitwao Tupi. Leo zaidi ya asilimia 70 ya mafuta na gesi ya Brazili hutoka katika miamba hiyo iliyo chini ya chumvi. Jambo linalopaswa kutushtua sisi wa huku ziwani ni asili ya mwamba wenyewe: haukutokana na bahari. Ulijengwa katika maziwa ya bonde la ufa, zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita, wakati Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa zinaachana. Sehemu yake moja ni marundo ya magamba ya viumbe wa ziwani yaliyogandamana. Nyingine ni kaboneti iliyojijenga yenyewe kutokana na kemia ya maji na vijidudu.

Sasa, mtaalamu anayetaka kuelewa mwamba ulio kilometa 5 chini ya bahari atauonea wapi mfano wake ungali unajengwa? Maziwa makubwa ya bonde la ufa yenye maji ya alkali, yenye kina na yenye konokono wa kutosha kujaza sakafu yake ni machache mno duniani. Ziwa Tanganyika ni mojawapo, na kwa maoni yangu ndilo bora. Tangu mwaka 1987, wanasayansi Andrew Cohen na Catherine Thouin walipochapisha maelezo yao kuhusu kaboneti za kandokando ya ziwa hili, wanajiolojia wa mafuta wa nchi za mbali wamekuwa wakilitaja kama kielelezo, ilhali sisi tunalitaja kwa dagaa, mgebuka na MV Liemba.

Karibu na mdomo wa mto Luiche, kusini ya Ujiji, sakafu ya ziwa imetandikwa magamba ya konokono aitwaye Neothauma tanganyicense. Gamba moja lina urefu wa sentimeta 4 au 5, ni zito kiasi, na ndani yake pana uwazi ambao samaki wadogo wa jamii ya sikilidi huishi na kutagia mayai. Baadhi ya magamba yaliyopimwa umri kwa kaboni ya mionzi yana zaidi ya miaka 1,000, na hivyo rundo moja linachanganya magamba ya jana na ya karne nyingi zilizopita. Mahali pengine magamba yameshikana kwa kalsaiti, madini yanayounda chokaa, na kuwa jiwe. Ukichukua kipande ambacho gundi hiyo imegusa kingo tu, ukakimwagia maji, maji yanapotea ndani mara moja na kutokea upande wa pili. Lakini kipande ambacho kalsaiti imeziba kila uwazi kitabaki kimelowa juu tu, ingawa magamba ni yaleyale na ukubwa ni uleule.

Mafuta na gesi nayo hupita katika uwazi kama huo, na hapo ndipo ulipo ugumu wote wa chokaa. Mchanga huletwa na mto, hupangwa na maji, na kwa kiasi kikubwa chembe zake hubaki vile zilivyofika. Kaboneti huzaliwa palepale ilipo, kisha haitulii: maji yenye asidi kidogo huimega, maji mengine huirudishia kalsaiti, magineziamu huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na kuigeuza dolomaiti, halafu ardhi ikicheza inapasuka. Visima viwili vinavyotazamana vinaweza kutoa majibu tofauti kabisa, na ufa mmoja unaweza kuyafikisha maji kisimani kabla ya gesi. Uwanja wa Zohr wa Misri, uliogunduliwa mwaka 2015 katika mwamba wa chokaa chini ya Bahari ya Mediterania na kukadiriwa kuwa na futi za ujazo trilioni 30 za gesi, ulifikia kilele cha uzalishaji mwaka 2019 na kisha ukaanza kushuka. Kwa hiyo ninaposema chokaa imerudi sisemi kwamba ni rahisi. Nasema kwamba anayeijua atatafutwa.

Wala si mafuta na gesi peke yake. Tangu mwaka 1969 eneo la Paris limekuwa likipasha nyumba joto kwa maji ya moto yanayovutwa kutoka tabaka la chokaa la enzi ya Jura, na karibu na Munich, Ujerumani, visima vya zaidi ya mita 3,300 huleta maji ya nyuzi joto 120 hivi kutoka mwamba wa aina hiyo. Huko Weyburn, Kanada, hewa ya ukaa kutoka kiwanda cha Marekani imekuwa ikiingizwa tangu mwaka 2000 katika uwanja wa mafuta wa kaboneti, na sehemu kubwa imebaki chini. Maarifa ya kujua maji au hewa vitapita wapi ndani ya chokaa ni yaleyale, iwe unatoa mafuta, unavuta joto au unazika hewa ya ukaa.

Wapo watakaosikia haya na kudhani napigia debe uchimbaji wa mafuta ziwani. Sivyo kabisa. Ni kweli kwamba mafuta hujitokeza yenyewe juu ya maji katika Rasi ya Kalamba, upande wa Kongo, na kwamba mitetemo iliyopimwa na mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke miaka ya 1980 ilionyesha mashapo yenye unene wa kilometa kadhaa. Lakini ziwa hili lina kina cha mita 1,470, lina mamia ya spishi zisizopatikana kwingine, linategemewa na nchi 4, na njia yake ya kutokea ni mto mmoja tu, Lukuga. Mafuta yakimwagika hapa hayana pa kwenda. Ninachokitetea ni elimu, na elimu hii haihitaji kisima hata kimoja.

Tulishawahi kuonja faida yake. Mradi wa Nyanza, ulioanza mwaka 1998 hapa Kigoma, uliwaleta pamoja wanafunzi wa Marekani na wa Afrika, wakapima mashapo, magamba na maji. Ulipokwisha, haukuachiwa mrithi wa kudumu wa hadhi hiyo, na hilo linanisikitisha kwa sababu mahitaji ni madogo: boti, wapiga mbizi, maabara ya kukata mawe na ada ya safari ya treni kutoka Dar es Salaam au Dodoma. Mwanafunzi huyohuyo angeweza kutazama magamba ya Luiche asubuhi, kisha kwenda Ilagala kuona chokaa yenye dolomaiti iliyo kongwe mara nyingi kuliko ziwa lenyewe, akalinganisha kaboneti changa na kaboneti iliyokwisha kupitia kila badiliko.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningesema ramani ya vitanda vya magamba kuanzia ghuba ya Kigoma hadi kusini ya Luiche, ichorwe na vijana wa vyuo vyetu pamoja na wavuvi ambao nyavu zao hukwama humo. Kazi hiyo ina haraka yake. Vilima vya bonde la Luiche vimekatwa miti na kulimwa hadi kingoni, kila masika mto unashusha tope jekundu, na gamba lililofunikwa na tope halimfai samaki wala halimfundishi mwanafunzi.