Zege Jipya Lenye Mabaka Lisifunikwe kwa Niru

Tanga tuna kiwanda cha saruji pale Pongwe, lakini njia ya gari ikimwagwa zege leo na kesho kutwa ikaonyesha mabaka, wa kwanza kusingiziwa ni saruji. "Bosi, simenti za siku hizi si kama za zamani," fundi anasema, na mwenye nyumba hana la kujibu. Kinachofuata ni kukoroga niru, yaani uji wa saruji na maji, na kupaka juu, rangi ifanane. Hapo ndipo nisipokubaliana nao hata kidogo.

Chukua njia ya gari ya jirani yangu huku Mikanjuni. Chini ya mti wa mkungu zege limekuwa jeusijeusi, upande wa getini ni jeupe, na katikati kuna michirizi iliyofuata mikunjo ya nailoni waliyofunikia. Nailoni ilipolalia zege unyevu ulibaki, ilipoinuka zege likakauka mapema. Kivuli nacho kilifanya kazi yake, na jua la kaskazi likafanya yake. Juu ya hayo, kila mchanganyo ulipewa maji kwa kukisia, na zege lililozidishiwa maji huelekea kuwa jeupe zaidi. Lililosuguliwa sana kwa mwiko huwa jeusi. Mifuko ya saruji ya aina mbili ikichanganywa kwenye kazi moja, rangi ndiyo hiyo tena, hata kama kila mfuko ni mzima.

Mabaka ya namna hii mengi hupungua yenyewe miezi inavyopita. Ule unga mweupe unaotoka juu ni chokaa iliyomo kwenye saruji. Maji huipandisha, ikakutana na hewa ukaa na kuganda pale. Usugue kwa brashi ngumu ukiwa mkavu, kisha uoshe. Ukikaidi, tumia siki uliyoizimua kwa maji mengi, ujaribu pembeni kwanza, halafu usuuze vizuri. Asidi ya betri isisogee hapo kabisa, kwa sababu inakula saruji yenyewe.

Jirani alikuwa analalamikia lile jeusi. Tukachukua msumari. Chini ya mkungu uliteleza ukaacha mstari wa kijivu tu. Getini, kwenye weupe uliompendeza, ulichimba mfereji na unga ukabaki vidoleni. Basi sehemu aliyotaka ifichwe ndiyo nzima, na aliyoisifu ndiyo mbovu! Getini walinyunyiza saruji kavu maji yakiwa bado yanaelea juu, wakalisugua hivyohivyo, na hakuna aliyerudi kulimwagilia.

Niru juu ya uso kama huo ni ngozi nyembamba iliyoshikilia vumbi. Gari likikata kona mara chache, inabanduka vipandevipande, na fedha imekwenda mara mbili. Uso dhaifu uondolewe kwanza mpaka ufike pagumu. Ukichimba ukakuta hata chini kunamung'unyuka, vunja kipande hicho peke yake na kumwaga upya. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwa kawaida ni za juujuu. Ufa unaokatiza njia nzima ni jambo jingine: mara nyingi hawakukata viungio, yaani mifereji ya makusudi ya kuelekeza zege lipasukie wapi. Zege la unene wa sentimita 10 linahitaji kiungio kila mita 3 hivi, kina chake sentimita 2.5, tena kikatwe mapema, kwa kawaida ndani ya siku ya kwanza, kabla zege halijajipasukia linapotaka.

Lakini chanzo kikubwa cha haya ni maji. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga mbichi, nasi tunaona ndoo mbili za lita 20 zikimiminwa bila mtu kushtuka. Siwalaumu vibarua. Zege zito linavunja mgongo, na anayebeba karai juani analipwa kwa kazi kuisha. Mwenye nyumba aliyebana bei mpaka wakabaki watu watatu ndiye aliyenunua zege la majimaji. Aongeze watu wawili. Na mchanga wa ufukweni, hata ukiletwa kwa bei ya chee, akatae: chumvi yake huleta weupe na kula nondo.

Kwenye makubaliano, kumwagilia kuandikwe kama kazi yenye malipo yake: asubuhi, mchana na jioni, kwa siku 7 zisizopungua, zege lisikauke hata mara moja. Sehemu ya fedha ya fundi ibaki mpaka siku hizo ziishe, na atakayeshika mpira wa maji ajulikane kwa jina kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.