"Anasomea Nini?" "Bado Hajachagua"

Siku Neema alipopata chuo nilimpigia mama simu Morogoro. Baada ya vigelegele likaja swali nililoliogopa: "Anasomea nini?" Nikamwambia bado hajachagua. Kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Kwa hiyo hakufaulu vizuri, Baba Neema?"

Simlaumu. Kwetu mtu huomba chuo na kozi yake mkononi. Mimi njia yangu ilikatwa nikiwa na miaka 17. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka na B za Baiolojia na Kemia, basi ukoo mzima ukaafikiana: tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na sita. Hata mjomba aliyeishia la saba alikuwa na kauli. Nilichokipenda ni Historia, lakini nani apeleke B za sayansi HGL, kwenye Historia, Jiografia na Kiingereza? Fizikia ikanitoa jasho miaka miwili, udaktari ukaota mbawa, na kwa kuwa vyuo hutazama masomo ya tahasusi yako, kurudi kwenye Historia nako kukashindikana. Nikaikubali kozi iliyonikubali.

Hapa Ohio, Marekani, Neema alijaza fomu ya Common App, ile moja inayoweza kutumwa vyuo hata 20. Palipoulizwa fani akaweka kwamba hajaamua. Hakuna aliyeshtuka. Shahada kwa kawaida ni krediti 120, yaani alama za uzito wa kila somo unalomaliza, mwaka wa kwanza mwingi ni masomo ya jumla, na vyuo vingi humdai mwanafunzi fani yake kufikia mwisho wa mwaka wa pili.

Ila wenzangu wa huku hulisifia jambo hili kupita kiasi. Anayetaka uuguzi au uhandisi, vyuo vingi humtaka aseme tangu maombi. Ukichelewa kuamua unaweza kukuta nafasi zimejaa. Halafu kila krediti ina bei. Mtoto akizungukazunguka mpaka akaongeza muhula, ni maelfu ya dola, na mshahara wangu wa zamu za usiku ghalani hauna muhula wa ziada. Nimempa hadi Machi ya mwaka wa pili. Kanicheka, lakini kaandika kwenye kalenda.

Sisemi tuuhamishie mfumo huu nyumbani kama ulivyo. Nani atawalipia vijana wetu miaka miwili ya kuonja? Ninachotaka ni kidogo tu: yule wa PCB aliyegundua kidato cha tano kwamba kapotea njia apewe pa kugeukia, bila kuonekana kafeli na bila wazazi kulipa upya kila kitu.

Muhula wa kwanza Neema kajiandikisha jiolojia, uhasibu na historia ya Afrika. Hii ya mwisho nimeagiza anitumie kila anachopewa kusoma.

Na mama? Juzi dada yangu kanipigia akicheka. Mtaa mzima unajua mjukuu yuko Marekani, anasomea udaktari.