Usaili wangu ulifanyika Mtaa wa Kongo

Nimeshafanya usaili mara nne kwa nafasi ya ofisa maendeleo ya biashara. Mara tatu niliulizwa najiona wapi baada ya miaka mitano, na sijui muuzaji mzuri anatambulikaje kwa jibu la swali hilo.

Mara ya nne ilikuwa kampuni kubwa ya simu hapa Dar es Salaam. Tulipewa siku tatu tuandae mpango wa kuongeza maduka yanayopokea malipo ya simu kwa lipa namba Kariakoo. Nikaacha kompyuta nyumbani, nikaenda.

Mama mmoja muuza vitenge, Mtaa wa Kongo, alinikaribisha ndani nilipomwamkia. Bango la lipa namba analo, ila limefunikwa na majora ya vitenge. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, wateja wangu wengi wanatoka Lubumbashi na Lusaka, wanakuja na dola. Huyu wa hapahapa akinilipa kwa simu, mwenye mzigo jioni ananidai taslimu. Nikitoa, nakatwa. Hayo makato ananilipia nani?"

Pale niliielewa kazi kuliko kwenye semina zote nilizohudhuria. Mabango hayakuwa shida. Mpango wangu ukaanza na wauzaji wa jumla wanaomuuzia mama yule: wao wakipokea kwa simu, naye hatakuwa na sababu ya kukimbilia kwa wakala kila jioni.

Jopo lilinisikiliza dakika 20, likauliza maswali ya maana, kisha likaomba niwaachie kazi yangu kwenye flashi. Nikawaachia kwa moyo mweupe. Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile, sijapigiwa simu wala kuandikiwa hata kwamba nimekosa.

Mimi nasema kampuni ziendelee kutupeleka sokoni. Ndiyo njia ya haki ya kumpima mtu wa kazi hii, maana hata ambaye Kiingereza chake kinakwama mbele ya jopo anaonekana anachokiweza. Lakini ule mpango ni jasho: nauli, siku tatu za mtu asiye na mshahara, na siri za biashara za watu waliotuamini. Kampuni inayojaza mabango mji mzima haishindwi kutoa posho ya nauli, wala kumwandikia kila aliyekosa mistari miwili. Na wazo likitumika, mwenyewe aambiwe na alipwe.

Wiki iliyopita nilipita tena Mtaa wa Kongo. Mama akaniuliza, "Wale mabosi wako walisemaje kuhusu makato?" Nikamwambia bado sijajibiwa.