Mashine ya Mjerumani na maneno ya mama mdogo

Sisi watu wa Kigoma hatushangazwi na mashine ya Mjerumani. Stesheni ya treni ni yake. Meli ya Liemba ni yake: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaja kuunganishwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na bado ikaendelea kubeba watu na magunia ya dagaa. Kwa hiyo shoga yangu aliporudi kutoka ng'ambo, akanisogezea kimfuko chini ya meza na kuninong'oneza, "Ya Kijerumani hii, haiharibiki ovyo," nilimwamini kabla sijajua nimepewa nini.

Kilikuwa kidude cha kujaa kiganja, laini kama embe lililoiva, rangi ya zambarau, na mwisho wake kina mdomo wa mviringo mdogo kuliko kizibo cha soda. Wauzaji wanakiita vaibreta ya kunyonya. Unakiweka juu ya kinembe, unabonyeza kitufe, basi.

Nina miaka 41, ni mtalaka, nauza mawese na migebuka mikavu pale Mwanga. Naandika kwa watu wazima wenzangu, hasa wanawake wanaolala peke yao, wawe wamependa au wamejikuta tu.

Kinembe. Nimeliandika neno zima makusudi. Wengi wetu jina lake lingine, lile la mtaani, tulilisikia kwanza kama tusi. Tulitukanwa nalo kabla hatujajua chenyewe kiko wapi. Nilipoolewa nikiwa na miaka 24 nilifundwa Ujiji, na somo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kazi yake. Alinifundisha kukata kiuno, kumsinga mume, kufukiza udi, kumpokea mtu anaporudi amechoka na kumnyamazia anaporudi amekasirika. Kinembe hakukitaja hata mara moja. Nikakaa miaka 11 kwenye ndoa najua kumfikisha mwenzangu, mimi mwenyewe sijawahi kufika. Nilidhani mshindo wa mwanamke ni maneno ya kwenye taarabu.

Ila nisimlaumu somo peke yake, maana madaktari wenyewe walichelewa. Mwaka 1998 ndipo Helen O'Connell, daktari wa Australia anayeshughulika na njia ya mkojo, alipochapisha uchunguzi ulioonyesha wazi kwamba kile kipele kinachoonekana ni ncha tu. Kilichobaki kimejificha ndani: miguu miwili inayoshuka kando, na vivimbe viwili vinavyojaa damu mtu anaposisimka, vimeukumbatia mlango wa uke. Mjerumani mmoja aitwaye Georg Ludwig Kobelt alishayachora hayo mwaka 1844, watu wakafunga kitabu. Kuhusu mishipa ya fahamu ndiyo kichekesho kabisa. Miaka mingi tuliambiwa kinembe kina nyuzi 8,000, kumbe hesabu hiyo ilitoka kwa ng'ombe. Ng'ombe! Mwaka 2022 watafiti wa Oregon, Marekani, walihesabu kwa binadamu wakapata zaidi ya 10,000, kwenye kiungo unachoweza kukifunika kwa ncha ya kidole.

Ukishalijua hilo, kidude cha zambarau hakina uchawi. Aliyekibuni ni Michael Lenke wa Bavaria, akisaidiwa na mkewe Brigitte, na majaribio ya mwanzo aliyafanya kwa pampu ya tangi la samaki wa mapambo. (Nikimwazia Brigitte wa watu na ile pampu, namvulia kilemba.) Mwaka 2014 kikaingia sokoni kwa jina la Womanizer, na miaka miwili baadaye Wajerumani wengine wakaja na Satisfyer ya bei ya chini. Sasa kila kampuni ina chake.

Jina la kunyonya linapotosha kidogo. Hakinyonyi kama mpiga chuku anavyonyonya mgongo wa mtu. Ndani ya ule mdomo kuna utando mwembamba unaokwenda mbele na nyuma kwa kasi, na hewa iliyonaswa kati yake na mwili inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa. Kwa hiyo kinembe kinapigwa na mawimbi ya hewa bila kuguswa na kitu kigumu. Wale ambao kinembe chao hakivumilii kusuguliwa, na tuko wengi, hapo ndipo tofauti inapoanza. Vaibreta ya kawaida inatikisa kila kitu mpaka mkono unakufa ganzi. Hii inashughulika na mahali pamoja tu.

Usiku wa kwanza nilishindwa kabisa. Nilikikandamiza kama ninayeziba pancha, nikapandisha nguvu mpaka juu, nikaruka kitandani kama niliyekanyaga siafu. Kikalia chumba kizima mfano wa nyuki kwenye mzinga, nikakizima nikakifungia kabatini wiki mbili. Nilipokirudia nilikuwa na subira. Niligundua kinataka kuwekwa, si kukandamizwa. Mdomo ukizunguke kinembe pasibaki upenyo, kilainishi kidogo pembeni, nguvu ya chini kuliko zote, kisha uache mkono utulie. Usikizungushe wala usikikimbize. Na usikianze ukiwa mkavu na akili iko kwenye deni la kikoba. Mwili unapashwa moto kwanza, kwa mkono na kwa mawazo yako mwenyewe, ndipo mashine iitwe.

Nikafika. Nilikuwa na miaka 38. Sitaelezea sana, ila nitasema hivi: nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikalala usingizi ambao sijawahi kuupata tangu nijifungue mwanangu wa pili.

Je, ni kikali kuliko mkono? Kwangu ndiyo, tena mbali. Lakini nguvu si sifa yake kubwa, na hapa ndipo ninapoachana na wanaokinadi. Wao wanauza ukali: dakika mbili umefika, kila mwanamke, kila mara. Si kweli. Wapo wasiosikia chochote, wapo wanaosikia maumivu, na wapo kama mimi ambao kikifika haraka mno utamu wake ni wa kulipuka na kwisha, kama kumeza dagaa bila kutafuna. Kile changu kina ngazi nyingi, mimi naishi ya pili na ya tatu. Ninapokaribia nakiondoa, napumua, nakirudisha. Nikifanya hivyo mara tatu nne, mwisho unakuja mrefu, unatoka mpaka kwenye mapaja.

Kikubwa zaidi ni kwamba kilinionyesha njia. Miezi mitatu baadaye nilijua upande gani wa kinembe changu unasikia zaidi (wa kushoto, kama mnataka kujua), mwendo gani unanifaa, siku zipi za mwezi hamu iko juu. Usiku ambao chaji imekwisha nikajaribu kwa vidole tu, na vidole vilevile vilivyonishinda miaka yote vikaweza. Havikuwa na kasoro vidole, vilikuwa havijui vinakwenda wapi.

Na hili la kwamba wanawake wengi hawafiki kwa kuingiliwa peke yake lingepaswa kusemwa kwenye kila kicheni pati. Kwenye uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2018, ukihusisha wanawake 1,055, ni asilimia 18.4 tu waliosema kuingiliwa kunatosha kuwafikisha. Wengine walitaka kinembe kishughulikiwe, au kikishughulikiwa walifurahi zaidi. Miaka 11 nilijiona mbovu, kumbe nilikuwa kwenye kundi kubwa.

Wanaume wakisikia habari hizi wananuna. Mmoja, mteja wangu wa mawese, aliniambia, "Dada, sasa sisi kazi yetu itakuwa nini?" Nikamwambia mashine haichoti maji, haibembelezi mgonjwa, haipigi stori. Akaona nimemtukana. Hofu nyingine, kwamba kinaua hisia, ina punje ya ukweli: ukikipitiliza, mahali panapata ganzi kwa muda, kisha panarudi. Uchunguzi wa mwaka 2009 wa wanawake zaidi ya 2,000 huko huko Marekani uliona kwamba waliowahi kutumia vaibreta ni zaidi ya nusu, na kati yao asilimia 71.5 hawakuwahi kupata dalili yoyote mbaya sehemu za siri. Ukisikia maumivu yasiyoisha, au ukaona damu, hilo si la mashine tena, nenda kituo cha afya.

Kuna la mawese. Msicheke, nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja: "Da' muuza mawese, yenyewe si yanateleza?" Yanateleza, ndiyo, na shuka lako litakuwa la rangi ya machungwa mpaka kiama. Mafuta ya aina yoyote yanaharibu kondomu za mpira, na yakiingia kwenye ule mdomo mdogo kuyatoa ni kazi ya siku nzima. Tumia kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa. Kile cha silikoni kiache, maana kinakula silikoni mwenzake. Baada ya hapo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha, weka. Kifaa ni cha nje, hakiingizwi ndani ya uke, na hakiazimwi kama kinu. Kikinuka plastiki kama kandambili mpya, kitupe.

La sheria nalisema ili asitokee wa kuniambia sikumwonya. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza picha za ngono pamoja na vitu vingine vya kukiuka staha, na maneno hayo ya mwisho ni mapana kama ziwa. Usiagize ukidhani unaagiza pasi. Mimi naona kifaa kinachokaa kabatini mwa mtu mzima hakimkosei staha mtu yeyote, lakini maoni yangu hayavai sare ya forodha. Na la dini nalo: mimi ni Mwislamu, najua masheikh wengi wa Kishafii wanasema kujichua ni haramu, wakitoa ushahidi wa Surat Al-Mu'minun, aya ya 5 hadi ya 7. Sitoi fatwa. Nakoga janaba yangu na kusali, mengine ni yangu na Mola wangu.

Sasa mama mdogo. Alikuja kutoka Manyovu mwezi wa Mfungo Nne kukaa kwangu kidogo, nikasahau kidude kwenye chaji, kando ya simu. Nilirudi sokoni nikamkuta amekishika.

"Mwanangu, hiki nini?"

"Cha kukandia uso, mama."

Akakiwasha, akakiweka shavuni. Akakaa nacho kama dakika nzima, ananitazama. Mama mdogo alizaliwa Makamba, Burundi, ng'ambo ya mpaka, na wanawake wa huko si wa kudanganywa hivyo. Akakizima akakirudisha pale pale.

"Uso," akasema. "Haya."

Jioni tunachambua dagaa uani akarudi kwenye mada bila kuniangalia. Aliniambia kwao wakubwa walifundisha kunyaza. Bukoba wanayo, wanaiita katerero, na Rwanda wanayo vilevile: mwanamume hakimbilii ndani, anapiga na kusugua taratibu juu ya kinembe na mashavu ya uke kwa mwendo mmoja, mpaka mwanamke ajimwage maji. Mume asiyejua hiyo alisemwa. "Huyo Mzungu wenu," akasema, "amegundua nini? Sisi kazi hiyo haikuhitaji chaji."

Nikacheka mpaka dagaa zikamwagika. Kichwani nikasema kumbe wenzetu waliotenganishwa nasi na mto Malagarasi na mpaka wa kuchorwa walikuwa na elimu nzima wakati mimi nafundwa udi. Tukisema starehe ya kinembe ni mambo ya Kizungu tunawadhulumu bibi zetu.

Lakini kuna kitu kikanikwama. "Mama," nikamwuliza, "hiyo ya kwenu si lazima awepo mwanamume?"

Hakujibu haraka. Mama mdogo ni mjane, mwaka wa 14 huu. Mumewe alikuwa mvuvi, ziwa likamchukua, na tangu hapo watu wamemletea kila kitu, unga, viwanja vya kugombea, wachumba wenye wake watatu. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwili wake unaishije. Hata mimi sikuwahi.

"Lazima awepo," akasema mwishoni.

Tukachambua fungu zima kimya. Akatoa kichwa cha dagaa, akakitupia paka.

"Chaji yake inakaa muda gani?"

"Kama saa mbili."

"Mh," akasema, akavuta ungo mwingine.